Beseni la Minji

Harufu ya maganda mabichi ya minji, zile njegere, hunipandisha hasira mpaka leo. Shosho, nyanya yetu, alikuwa amesahau majina yetu sote, lakini ukimpa beseni la minji pale mlangoni kwake Kinoo, vidole vyake vilimenya bila kukosea. Jumapili moja shangazi akaja kutoka Kilimani. Hata kabla ya kuketi, akamwinamia mama yake na kupaza sauti kama mwalimu wa chekechea: "Mami, mimi ni nani?"

Shosho akatabasamu, akamtilia minji kiganjani.

"Kwani mnamfanyisha kazi? Mwacheni apumzike!" Shangazi akanyakua beseni, akaliweka kando, akampiga picha, akaenda zake.

Vidole vya Shosho vikaanza kumenya pindo la leso yake. Beseni hatukumrudishia. Shangazi alikuwa amesoma, na neno lake halikupingwa.