Kiganja cha Mzee Joto

Tunamwita Mzee Joto, naye huitika. Maisha yake yote ameyamalizia kwenye maabara yetu, akitafiti jinsi mvuke unavyopitisha joto kwenye mabomba, na mvuke umembabua viganja hadi vimekuwa vigumu kama soli ya kiatu. Kikombe cha chai inayofuka hukikumbatia kwa mikono miwili, akatucheka: "Nyinyi mna ngozi ya yai." Vipimo haviamini mpaka aguse mwenyewe. Kwa hiyo siku binti yake alipopita na mtoto mgongoni, akasema, "Baba, hebu mguse mjukuu wako, naona kama anachemka," mzee alikiacha kipimajoto mezani, akaweka kiganja kwenye kile kipaji kidogo cha uso, akatulia kama anavyotulia kwenye bomba. "Hana homa huyu. Ni jua tu. Kamlaze." Binti akaondoka ametulia. Nani angebishana naye habari za joto?

Kwenye maziko ya mtoto mtu alinong'ona nyuma yangu, "Mfinyanzi hulia gaeni," na sijui kama mzee alisikia. Alirudi kazini, akawasha mtambo. Tangu hapo, hata namba zikionekana wazi kwenye kioo, huniita mimi fundi wake, akanishika mkono na kukibandika kiganja changu kwenye bomba.

"Niambie."

"La moto, mzee."

"Moto kweli, mwanangu?"

Hauachii mkono mpaka nirudie. Sijamwambia kwamba siku hizi hata mimi nachelewa kulisikia joto.