Nilisema Hakuna Karanga

Mimi ni mwongo, na uongo wangu ulianzia kwenye picha. Naomba jina langu lisitajwe, na majina yote humu nimeyabadilisha, kwa sababu bado naishi Ilemela, bado nauza chakula, na watu ninaowazungumzia nakutana nao dukani karibu kila siku.

Nina mgahawa mdogo upande wa ziwani. Mpishi alikuwa dada yangu, Nyamizi, na chakula kilichotufanya tujulikane ni sato aliyekaushwa kwa moshi, akapikwa na karanga za kusaga. Ni kitamu sana, lakini hakina sura. Ukikipiga picha kinaonekana kama maji ya mvua yaliyotuama barabarani.

Wenzangu walikuwa wanaweka mtandaoni vyakula vinavyong'aa. Mimi nikiweka changu watu wanapita kimya. Basi rafiki yangu akanifundisha kutumia akili mnemba kwenye simu: unaandika unachotaka, picha inakuja. Nikaandika samaki mzima, mchuzi mwekundu, limao pembeni, mvuke unafuka. Nikaletewa samaki ambaye ziwa hili halijawahi kumtoa. Nilimpenda hivyo hivyo.

Nyamizi alipomwona akaniuliza, "Sasa mtu akija akakuta cha kwangu, utamwambia nini?"

Nikamjibu asinizibie riziki.

Watu walikuja kweli. Wakaangalia sahani, wakaangalia simu, wakaniangalia mimi. Hapo ningefuta ile picha, mambo yangeisha. Badala yake nikamwambia Nyamizi apunguze karanga, azisage laini kabisa, kisha ajaze nyanya na rangi ya chakula mpaka mchuzi ufanane na wa pichani. Yaani badala ya picha kuifuata sufuria, nikataka sufuria iifuate picha.

Alikubali kwa shingo upande. Mchuzi ukawa mwekundu, karanga zikabaki humo ndani, huzioni. Wateja wakasifia utamu bila kujua unatoka wapi, na mimi nikawa nachekelea tu.

Mtu wa huku atanielewa haraka. Kwetu hakuna anayeuliza kama mchuzi una karanga. Unafunua, unaangalia rangi, unajua. Tumekua hivyo sote, na mimi nikaiharibu hiyo rangi.

Mama Aneth ni jirani yangu, mwalimu, familia ya Kikatoliki iliyotoka Kagera. Binti yake alikuwa anapata kipaimara, akaagiza kwangu samaki wa sherehe. Hakuuliza kitu. Alinitumia ile picha yangu mwenyewe, chini yake kaandika, "Dada, naomba huyu huyu." Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Siku yenyewe tulipeleka hotipoti baada ya misa, nami nikabaki kama mgeni, nikisubiri sifa. Watu wamependeza chini ya turubai, Aneth yuko kwenye gauni jeupe, anakula kwa furaha kuliko wote. Mama yake alikuwa bado anahudumia wageni, hajatia kitu mdomoni. Mara nikamwona Aneth anajikuna midomo. Akakohoa. Akashika koo.

"Mwiba huo," mtu akapaza sauti. "Kakabwa na mwiba."

Mama yake alifika mbio, akamshika kidevu, akaona midomo imeanza kuvimba. Akageuka akanitafuta kwa macho.

"Mwenzangu, hukuweka karanga? Huyu karanga zinamdhuru tangu mdogo."

Hapo ndipo nilipojua. Wageni wote walikuwa wananiangalia, na wengi wao walikuwa wameshachukua namba yangu ya simu.

"Hapana," nikasema. "Karanga za nini tena? Si uliona picha?"

"Eeh, kweli, niliona," akasema, na uso wake ukatulia kidogo. Ule uso uliotulia ndio unaoninyima usingizi.

Basi ikawa mwiba. Na mwiba ukikwama, dawa yake tunaijua tangu utotoni: tonge la ugali, limezwe bila kutafunwa, liusukume. Bibi yake Aneth akafinyanga tonge. Ili liteleze, akalichovya kwenye mchuzi.

Nilimwona akilichovya. Nilikuwa karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningelishika. Sikunyoosha. Nilikuwa nimeshasema hapana mbele za watu, na niliogopa kuumbuka kuliko nilivyomwogopea yule mtoto. Sijui kama kuna namna nyingine ya kulisema hilo.

"Meza, mjukuu wangu," bibi akasema. Aneth ni mtoto mwenye adabu, akameza. Likaja tonge la pili, akameza na hilo.

Baada ya hapo kila pumzi aliyovuta ilikuwa na mluzi ndani yake. Tukamkimbiza zahanati kwa bajaji, kichwa kiko kwa mama yake, miguu iko mapajani mwangu. Tabibu akauliza mtoto kala nini. Mama Aneth akamwonyesha simu, picha yangu ile. Tabibu akaitazama, akamulika koo kwa tochi akiutafuta mwiba, hakuuona. Akasema utakuwa umeshateremka, umeacha uvimbe. Akamchoma sindano ya uvimbe. Mimi nimesimama mlangoni, mdomo nimeufunga.

Ile sindano ilimsaidia kwa bahati tu. Hakuna aliyejua anatibu nini isipokuwa mimi.

Aneth alipata nafuu taratibu, na mama yake akaja kwangu na mkungu wa ndizi kunishukuru kwa kutowaacha peke yao. Niliupokea. Nyamizi nilimweleza ukweli jioni ile, nikidhani atanifariji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja, "Ulimwona akimeza?" Asubuhi alifungasha akarudi kijijini. Nikimpigia simu hapokei. Tumelelewa kitanda kimoja mimi na yule.

Nikafuta picha. Nikaacha karanga, nikaacha na rangi. Lakini picha ilikuwa imeshachukuliwa na wenzangu, na wapishi walioonja kwangu walishaigundua siri ya ule utamu, nao wakaanza kupika vile vile. Nimeiona karibu na stendi. Nimeiona Nyakato. Samaki yule yule, limao lile lile, na chini ya wekundu, karanga.

Juzi Mama Aneth kanikuta dukani, kafurahi kuniona.

"Wewe umeacha kupika ule mchuzi mwekundu, lakini nimeupata Nyakato," akaniambia. "Jumapili tuna wageni, na Aneth ameuomba mwenyewe. Ila safari hii nimejifunza, dada yangu. Namchambulia miiba yote kwanza."

Nilitaka kusema. Nikasema, "Sawa, dada, wasalimie wageni." Jana nimekwenda mpaka getini kwake nikarudi. Namba yake ninayo, nimeandika ujumbe nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Mtu niliyemdanganya, mtoto wake akiwa anakosa pumzi, nitaanzia wapi kumwambia? Ndiyo maana nimeleta haya hapa, mahali nisipoonekana uso.

Wenzangu mnaouza chakula, pigeni picha ya sufuria zenu hata kama ni mbaya. Mnunuzi analisha watoto wake kwa kile alichokiona, na siku akikuuliza kilichomo, mjibu kweli hata kama mtaa mzima unasikia.

Na wewe dada, mwalimu, mwenye wageni Jumapili. Najua ukurasa huu huwa unausoma. Jina lako nimelibadilisha, lakini utajijua. Haukuwa mwiba. Zilikuwa karanga, nami nilijua uliponiuliza. Usimpe.