Annuarite, mchoraji wa Dzaleka ambaye kompyuta yake ilikuwa Jumapili kila siku

Saa tatu asubuhi, jua limeshashika mabati ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na Annuarite Lwaboshi ameketi mbele ya kompyuta isiyomsikiliza. Anabonyeza alama ndogo ya mkono wenye nyuzi. Kidirisha kinafunguka, kinamwambia kwa Kiingereza cha adabu kwamba muda wa matumizi umekwisha, kisha kinajifunga. Anabonyeza tena. Maneno ni yaleyale.

"Mi najua itakataa," anasema bila kugeuka. "Lakini kila asubui napiga hodi kwanza. Siku moja pengine itajisahau ifungue."

Anacheka. Kicheko hakidumu.

Chumba chake ni cha matofali ya udongo, kina meza, kitanda na pazia la kitenge. Ukutani amebandika karatasi zaidi ya mia moja, na zote ni michoro ya miguu: kisigino kikigusa chini, kidole gumba kikisukuma, goti likikunjika. Hakuna sura hata moja. Ukiangalia kwa muda utagundua kwamba ni miguu ya mwanamke mmoja, na kwamba yuko mlimani, anapanda.

Annuarite, mwenye umri wa miaka 36, ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Anachora katuni zinazotembea. Vitabuni kazi hii inaitwa uhuishaji, lakini ukilitamka neno hilo hapa kambini watu watakutazama tu. Hapa inaitwa kutembeza. Ukimuuliza Annuarite kazi yake, atakujibu, "Natembeza bantu."

Jibu hilo liliwahi kumponza. Mwaka fulani askari wa kizuizi kwenye barabara ya Lilongwe alimuuliza anafanya kazi gani, naye akajitahidi kwa Kichewa chake: "Ndimayendetsa anthu." Alitaka kusema anatembeza watu. Askari akasikia kwamba anasafirisha watu, akamshusha garini hapo hapo.

"Alifikiri napitishaka bantu ku mipaka! Mungu wangu! Nikafungua masini, nikamuonyesha katoto kananawa mikono, kanatembea kanaenda kula. Akacheka mpaka akaita wenzake. Wakaniita amayi, mama, wakasema, nenda, nenda utembeze bantu yako."

Askari huyo ni mmoja tu wa watu wengi waliochekeshwa na katuni zake. Kwa miaka kadhaa filamu zake fupi zilionyeshwa zahanati, shuleni na kwenye makanisa ya kambi. Mashirika yenye ofisi City Centre, Lilongwe, yalikuwa yakimwagiza: kunawa mikono, chandarua, chanjo. Zote alizitengeneza kwa programu moja, ile ambayo wachoraji wa Dzaleka wameibatiza Marioneti, kwa sababu picha zake zinafungwa mifupa na viungo, kisha unazivuta kama vikaragosi vya nyuzi. Jina lake halisi ni refu na la Kiingereza. Hakuna anayelitumia.

Marioneti ililetwa kambini na mradi mmoja wa vijana uliokaa miezi sita ukaondoka. Watu kumi na wawili waliipenda wakabaki nayo. Baadaye kampuni iliyoitengeneza, huko mbali, ikatangaza kwamba haiuzi tena, na mwisho ikaufunga kabisa mlango wa kuombea kibali cha kila mwaka. Waliandika barua pepe. Waliandika nyingine. Hawakujibiwa.

Hapo ndipo Delphin, mchoraji mwenzake, alipogundua ujanja. Kibali cha mwisho kilikuwa kinaishia katikati ya mwaka 2022. Basi ukiirudisha saa ya kompyuta nyuma kabla ya kuifungua Marioneti, na usipoiunganisha na intaneti hata mara moja, programu itaamini kwamba muda haujapita. Wote kumi na wawili wakafanya hivyo. Kila mmoja akachagua tarehe yake.

Annuarite alichagua Jumapili, tarehe 12 Juni 2022.

Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta yake ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kila alipoiwasha ilikuwa imesahau siku. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliiandikia upya: tarehe 12, mwezi wa sita, 2022. Hivyo kwa karibu miaka mitatu.

Kwa nini siku hiyo? Annuarite anasogeza kikombe chake, anakirudisha kilipokuwa.

"Ile siku ya Mungu mama alinipigia telefone kutoka Uvira, kiisha misa. Akaniuliza, 'Nitakuona lini?' Nikamwambia, 'Mwaka uyu, mama.' Siku ya ine, Alamisi ya ile juma, akakufa. Sikuenda kumuzika. Ningepita wapi? Njo maana nikasema, bon, ku masini yangu tutabaki pale pale. Ku masini, mama iko angali muzima."

Kisha akaanza kumchora.

Mama yake, Godelive, aliuza ndagala, yaani dagaa, huko Kalundu, kando ya Ziwa Tanganyika. Kila siku alipanda kutoka ufukweni hadi nyumbani na beseni kichwani. Alikuwa na mwendo wake: mguu wa kushoto ulikuwa unangoja kidogo hewani kabla ya kukanyaga. Majirani walimtambua kwa mbali, kabla hata ya kuona uso.

"Alikuwa anatembeaka sawa mutu mwenye anawaza jambo," anasema Annuarite. "Ule muguu unauliza kwanza, kiisha unakanyaga."

Mwendo huo wa sekunde kumi na moja ulimla miezi minne. Alichora miguu 132 kwa mkono, akaifunga mifupa ndani ya Marioneti, akairekebisha, akaibomoa, akaanza upya. Ilipokamilika aliwaonyesha wanawake wa Uvira na Fizi baada ya kwaya. Hakuwaambia ni nani. Mmoja wao, mama Epiphanie, akashika mdomo: "Lakini huyu si mama Godelive wa Kalundu?" Na hapakuwa na uso kwenye picha ile, ilikuwa miguu na beseni tu.

Filamu nzima ilipangwa iwe ya dakika nne. Mama anatoka ziwani, anapanda, anapita kwa watu anaowajua, anafika mlangoni kwake. Dada mkubwa wa Annuarite, Madeleine, fundi cherehani katika soko la kambi, ndiye aliyekubali kuwa sauti ya mama. Annuarite alimtembeza mama hadi katikati ya mlima.

Hapo ndipo tundu la kuchajia kompyuta lilipoharibika.

Aliomba karatasi ya ruhusa ya siku moja, akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, akaenda Area 25, mtaa wa Lilongwe, kwa fundi aitwaye Limbani, ambaye kila mtu anamsifu kwa uaminifu. Alimkuta ana wateja wengi, naye mwenyewe alitaka kuwahi soko la Tsoka kumnunulia Madeleine nyuzi. Akaiweka kompyuta mezani na kusema maneno mawili ya Kichewa anayoyajua vizuri: "Konzani zonse." Tengeneza yote.

Na Limbani akatengeneza yote.

Alibadilisha tundu la kuchajia. Akafuta vumbi. Akaona betri ya saa imekufa, akaweka mpya. Akaona tarehe imekosewa kwa miaka, akaisahihisha. Mwisho, ili ahakikishe mashine ya mteja inafanya kazi sawasawa, akafungua programu moja baada ya nyingine. Alifungua na Marioneti. Marioneti ikauona mwaka wa sasa, na tangu hapo haikubali tena kudanganywa, hata urudishe saa mara ngapi.

Tulimfuata Limbani kibandani kwake. Ni kijana mtaratibu, na jambo hili limemkaa moyoni. "Mtu akikuletea kompyuta inayosema ni mwaka uliopita zamani, utamrudishia hivyo hivyo?" alituuliza kwa Kichewa. "Nililiona kosa nikalirekebisha. Amayi alipofungua akaona, hakunigombeza. Aliketi tu pale kwenye ndoo. Afadhali angenigombeza." Ile betri kuukuu hajaitupa. Ameiweka kwenye kikopo juu ya rafu.

Annuarite hamlaumu. "Kosa ni langu. Nilimwambia zonse! Ningesema tu, tengeneza fasi ya umeme, basi. Ule kijana alifanya kazi yake muzuri sana. Sasa masini inakumbuka siku. Inakumbuka mbaya."

Hakuna kompyuta nyingine yenye Marioneti Dzaleka. Wenzake kumi na mmoja walishaifuta au mashine zao zimekufa. Kilichobaki ni video ya zile sekunde kumi na moja katika simu yake. Unaweza kuitazama, lakini huwezi kuiendeleza. Mifupa imebaki ndani, imefungiwa. Na mama amesimama katikati ya mlima wa Kalundu na beseni lake kichwani.

"Hiyo njo inaniuma," anasema, na sasa machozi yanamtoka waziwazi. "Nilimuacha mara ya kwanza. Sasa nimemuacha tena, mu njia, na muzigo."

Delphin anaingia wakati huo bila kubisha, kama kawaida yake, kompyuta ikiwa kwapani. Yeye alihamia zamani kwenye programu mpya ya bure, na ofisi za City Centre sasa zinapokea mafaili ya aina hiyo tu. Mwaka uliopita Annuarite alipata kazi mbili. Delphin alipata tisa.

"Dada, we uko sawa mujane mwenye anapiga pasi shati ya bwana yake kila asubui," anamtania. "Bwana alikufa! Kuya uku kwetu, kwa bantu bazima."

"Kwenu banatembea bubaya," anamjibu.

Hakosei. Delphin anatuonyesha. Programu mpya ina mwendo wa mwanamke uliokwisha kutengenezwa, unabonyeza tu. Mwanamke wa kwenye kioo anakwenda kifua mbele, mikono inapiga upepo.

"Ona ule," anasema Annuarite. "Anaenda benki. Mwambie abebe beseni, ataimwanga yote."

Tunacheka wote. Delphin hakati tamaa. Anasema programu mpya inaweza kufungwa mifupa kwa mkono, kama zamani, ila inataka mtu wa kuigizia: unampiga video akitembea, kisha unachora juu yake. Annuarite amekuwa akilikataa wazo hilo kwa miezi miwili. Mtu gani atatembea kama mama? Leo, pengine kwa sababu kuna wageni, anakubali kujaribu. Madeleine anaitwa kutoka kwenye cherehani yake. Ndiye mkubwa, na ndiye aliyerithi sura ya mama.

Nyuma ya nyumba kuna kijiinuko chekundu kinachotoka kwenye bomba la maji. Madeleine anabeba beseni lenye nguo mbichi, anapanda. Delphin anashika simu.

"Hapana, Yaya," anasema Annuarite; kwao ndivyo dada mkubwa anavyoitwa. "Unakimbia."

Madeleine anarudia. "Hapana. Muguu wa kushoto. Ungoje."

"Ningoje nini?"

"Ungoje! Hivi…" Anamnyang'anya beseni, analiweka kichwani, anashuka hadi kwenye bomba na kuanza kupanda, huku akiendelea kumsema dada yake: tazama goti, tazama shingo, usiangalie chini. Anafika juu, anashusha mzigo. "Umeona?"

Madeleine amekaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, kiganja kinywani.

"Nini?" anauliza Annuarite.

Delphin hakuwa ameizima simu. Anampa. Annuarite anatazama, anarudisha nyuma, anatazama tena. Kwenye kioo kidogo kuna mwanamke wa miaka 36 anayepanda kutoka bombani. Mguu wake wa kushoto unangoja kidogo hewani, unauliza, kisha unakanyaga.

"Sikukuwa najua," anasema polepole. "Miaka yote nachora… Yaya, ulikuwa unajua?"

"Tangu ukiwa mutoto," anasema Madeleine. "Nilifikiri unajua. Mutu atakosaje kujua vile anatembea?"

Annuarite naye anakaa vumbini kando yake, wanaitazama video tena pamoja. Mimi nami nimeangalia pembeni, maana kazi hii ya uandishi kuna mahali inafika inakuwa aibu kuendelea kuandika.

Adhuhuri, baada ya nsima, ugali wa Malawi, Annuarite anawasha kompyuta. Hapigi hodi kwa Marioneti. Anafungua ile programu ya bure ambayo Delphin amemwekea, anaingiza video, anakuza picha mpaka miguu peke yake ijae kioo. Vidole vinatafuta vitufe pasipo mazoea na anakosea mara tatu. Mchoro wa kwanza ni kisigino. Ananung'unika kwamba kalamu ya programu hii ni nzito, kwamba rangi zake zimepauka, kwamba Marioneti haikuwa hivi. Anaendelea kuchora.

Anataka kuimaliza filamu kabla ya Noeli, aionyeshe kwenye ukuta wa kanisa, halafu amtumie shangazi yake aliyebaki Kalundu. Delphin anamwambia kwa mwendo huo itakuwa Pasaka. Anasema basi iwe Pasaka.

Pembeni ya kioo tarehe ni ya leo. Delphin anamuuliza kwa utani kama airudishe. Annuarite anaitazama kidogo.

"Acha," anasema. "Mama aliniuliza ataniona lini. Mu ile Jumapili tungengojana tu, ye kule, mi uku."

Na filamu ikiisha, mama akifika juu, itakuwaje? Kwenye mpango wa zamani mlango ulikuwa umefungwa na mama anaufungua mwenyewe. Annuarite anasema sehemu hiyo ataibadilisha.

"Atakuta niko ndani," anasema, na kurudi kwenye kisigino. "Mi njo nitamufungulia."