Mchuzi Uliokatika Siku Aliyokuja Shangazi

Enzi zetu, na hapa nasema nanyi mliokuna nazi mpaka vidole vikachubuka, chakula cha jioni hakikuwa jambo la kuulizana "leo tule nini?" watu wamejilaza kwenye makochi na simu usoni. Kilianza saa tisa alasiri, tukivua sare za shule. Mimi nilikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, kaka yangu Bakari akaparua samaki uani, na paka wote wa mtaa wakaja kumsalimia. Wa leo wakikuta magamba mawili ya samaki kwenye sinki hukimbia na kusema wanasikia kichefuchefu.

Nilikuwa na miaka kumi Mama alipopata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni, hapa hapa Malindi. Baba, fundi wa cherehani, mtu wa maneno machache, alikubali kwa sharti moja tu: chakula kiwe mkekani kabla ya adhana ya isha. Siku kitakapochelewa, kazi ndiyo basi. Mama alisema "Inshallah", akaingia chumbani, nasi tukamsikia anaimba. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba peke yake. Asubuhi alipotoka, sare ya kazini chini ya buibui, alitembea kama anayekwenda harusini. Sisi watoto tuliipenda ile furaha yake, na tulijua fika kwamba inategemea sufuria.

Kwa hiyo Mama akatupangia kazi. "Mie sina mikono minne," alisema. "Minne mnayo nyinyi." Adhuhuri Baba alileta samaki waliotoka Ngomeni, mara changu, mara tafi, Bakari akawatia chumvi na ndimu. Mimi nilikuna nazi nikakamua tui mara mbili: lile zito kwenye bakuli lake, lile jepesi kwenye bakuli jingine, na ole wangu niyachanganye. Ukwaju niliuroweka kikombeni. Wali niliupika mimi, nikaupalia makaa juu ya kifuniko. Mama alifika magharibi, akaswali, akakunja mikono ya dera. Kitunguu, thomu, nyanya, bizari, tui jepesi, samaki. Kisha tui zito, akilikoroga taratibu bila kuliacha hata kidogo mpaka lichemke. Ukwaju ulikuwa wa mwisho kabisa. Harufu yake ilivuka ukuta ikaingia kwa majirani, na kabla mwadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti, sisi tulikuwa tumeshazunguka sinia. Nusu saa tu, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Miezi ikapita hivyo. Hata siku moja alipoamka na homa, mchuzi ulifika kwa wakati wake. Halafu siku moja akaja Shangazi Mwanahamisi.

Shangazi, dada mkubwa wa Baba, aliishi Mambrui na alikuwa ameipinga kazi ya Mama tangu siku ya kwanza. Alikuja bila taarifa, kama kawaida yake, akapokea shikamoo zetu, akakaa barazani na Baba. Magharibi ikaingia, ikapita. Mama hakutokea. Baadaye tulijua kuwa gari la wafanyakazi lilikuwa limeharibika njiani, lakini jioni ile tulijua tu kwamba hayupo.

"Mkeo yuko wapi mpaka saa hizi?" Shangazi aliuliza, kwa sauti ya kutufikia jikoni.

"Yuwaja, dada."

"Yuwaja lini? Mie nilikwambia, Ali, ukajifanya husikii. Haya, leo utanilisha nini?"

Bakari akanitazama, nami nikalitazama jiko. Nilikuwa nimemwona Mama akipika mara mia, kwa nini nishindwe? Nikakaanga kitunguu, nikatia kila kitu kama yeye, samaki wakaiva vizuri. Nikalimimina tui zito. Nilipofika hapo haraka ikaniingia. Badala ya kukoroga mpaka lichemke, nikaumwaga ukwaju wote kwa mpigo, nikaenda kuutazama wali.

Niliporudi, tui lilikuwa limekatika. Mnaojua mnajua: mabonge meupe huku, maji huku, mafuta yanaelea juu. Nikakoroga na kukoroga, ndiyo kwanza likazidi. Nikachuchumaa pale nikalia, maana niliona wazi kuwa nimemfukuzisha Mama kazi kwa mkono wangu mwenyewe.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Baba, ambaye jikoni hakuwa akiingia ila kuomba maji ya moto.

"Kumekuwaje?"

"Limekatika, Baba. Ni mimi, si Mama. Usimwachishe kazi."

Aliitazama sufuria, kisha akanitazama mimi. Akainua kanzu, akachuchumaa, akachukua kipepeo na kuupepea moto mwenyewe. "Watoe samaki wasivunjike," alisema. "Liache lichemke mpaka likauke." Tukaliacha. Maji yakapotea, nazi ikaanza kukaangika kwenye mafuta yake yenyewe, ikawa rangi ya dhahabu. Akawarudisha samaki, akakamulia ndimu, akanawa mikono na kurudi barazani.

Tulipoweka sinia, Shangazi aliinama akachungulia. "Mchuzi gani huu usio na mchuzi?"

"Nimeagiza mimi," Baba alisema. "Leo nilitamani samaki wa kukausha, kama wa marehemu mama."

Baba, ambaye alitupiga makofi kwa uongo mdogo kuliko ule! Shangazi alimega, akatafuna, akamega tena. Akauliza kama kuna zaidi. Mikono yetu ilikuwa bado kwenye sinia moja wakati adhana ya isha ilipoita. Furaha niliyopata pale ilikuwa kubwa kuliko ya Idi, na siongezi chumvi.

Mama aliingia Shangazi alipokwisha kuondoka, anahema, viatu mkononi. Alikuwa amekimbia nusu ya njia. Akasimama mlangoni akitusoma nyuso. Baba akamfunulia sahani aliyomwekea. "Kaa ule, samaki wa kukausha kama wa marehemu mama," alisema. "Na kesho usikimbie, utaanguka bure." Lile sharti halikutajwa tena nyumbani kwetu, na Mama alifua mashuka mpaka alipostaafu kwa hiari yake.

Leo mimi nafanya kazi nami narudi jioni. Nina gesi, nazi naisaga kwenye mashine, mchuzi wangu uko tayari kwa dakika ishirini. Hakuna anayenipangia saa, na nikichelewa, mume wangu huanza kupika bila kuona kuwa ni habari ya kutangaza. Nashukuru sana, nasema kweli. Tatizo ni walaji, yaani wanangu. Mmoja ameshaletewa chipsi kwa bodaboda, mwingine atakula akimaliza mchezo wake kwenye simu.

Mama anaishi nami sasa, na Baba ametutangulia. Juzi, tukiwa mezani sisi wawili, nikamwuliza kama aliwahi kujua habari ya ule mchuzi.

Akacheka mpaka akafuta macho. "Nilijua kwa tonge la kwanza. Yule mama yake babako hakuwahi kukausha samaki maisha yake yote, mchuzi wake ulikuwa maji matupu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Mwanamume amekwisha kunifichia aibu, mie nimfichue?"

Nikawaita watoto waje waisikie hiyo. Wako chumba cha pili tu, ukuta mmoja. Simu yangu ikalia: walikuwa wameniandikia kwamba wanakuja. Tukawangoja, mimi na Mama, sahani zimefunikwa.