Miwa Aliyoikata Baba

Mnisamehe kwa mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Mimi huandika polepole. Leo harufu ya miwa iliyochomwa imenirudisha katika ofisi ya mwalimu mkuu wa sekondari.

Nilikuwa nimeongoza mtihani wa darasa la nane, na tulikuwa tumekuja kuomba nafasi. Baba, aliyetoka Uganda kuja kukata miwa, alisimama na masizi shingoni, kwani hakupewa kiti.

"Shamba lenu la miwa liko wapi?" mwalimu aliuliza. Wenye mashamba waliruhusiwa kulipa karo baada ya mavuno.

"Mwalimu, mimi nakatanga tu. Hata yako niliikata juzi."

"Kukata si kuwa nayo, mzee. Sisi tunaangalianga shamba. Na huyu kijana ana mkono mzuri wa panga."

Matokeo yangu hata hakuyatazama. Nafasi ilimwendea mtoto wa jirani mwenye shamba, mtoto ambaye mimi ndiye niliyemfundisha hesabu.

Baba akainamisha kichwa, akasema, "Asante sana, mwalimu."

Asante ya nini? Inaniuma kuliko lile tusi la panga.

Wewe unayesoma, kama mzazi wako naye aliwahi kumshukuru mtu aliyekufungia mlango, tafadhali niandikie.