Mitego Mitupu ya Chaka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ghala la mahindi kule Murang'a, Afisa wa Ghala alinikabidhi mtego wa karatasi yenye gundi. Ndani yake kulikuwa na kidonge cha feromoni, yaani ile harufu ambayo dumuzi dume, yule mdudu anayetoboa nafaka, huitoa akishapata mahindi, ili awaite wenzake. "Wewe kazi yako ni kuhesabu wadudu," aliniambia. Murang'a kuna joto. Mtego ulijaa kila wiki, nami nikajulikana kama mtu wa dumuzi.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa ghala la Chaka, kwenye baridi, kama Mkaguzi Mwandamizi. Chini yangu alikuwa Wangechi, mkaguzi mgeni kazini, mpole, asiyeachana na daftari. Mitego ya Chaka ilikuwa mitupu, nikaandika kwamba ghala ni safi.

Asubuhi moja Wangechi aliingia ofisini na ripoti.

"Mzee, hii baridi inatudanganya. Harufu haisambai vizuri, na dumuzi hawaruki. Nimefungua magunia ya katikati, pale mahindi yameshika joto. Wako huko, wengi."

Nilijua papo hapo kwamba ni kweli. Kilichoniuma ni kwamba si mimi niliyeona. "Acha hapo, nitasoma," nilimwambia, kisha nikaifungia ripoti kwenye droo.

Jua la Januari lilipowaka, dumuzi wakatoka. Mahindi ya wakulima yakawa vumbi. Mama mmoja alichota ya kwake kiganjani, akapuliza, akaondoka.

Afisa Mkuu wa Kanda alituita. "Kwa nini hakuna aliyetuonya?"

"Mitego ilikuwa mitupu," nilijibu.

Wangechi alinitazama, labda niongeze kitu. Kisha akasema taratibu, "Mimi niliandika. Nilimpa Mzee."

Kama adhabu nilipelekwa Kianyaga, nikabaki huko hadi nikastaafu. Yeye alipanda cheo. Sasa wakaguzi wote hupima joto la magunia kabla ya kuamini mtego, na njia hiyo wanaiita ya Wangechi.

Juzi alikuja kunisalimu hapa nyumbani Nyeri na wakaguzi wake. "Huyu ndiye aliyenifundisha kumtofautisha dumuzi na fukusi," aliwaambia, wakapiga makofi. Ni kweli, nilimfundisha, ila nilikuwa nimesahau. Nilitabasamu huku nikimwonea wivu. Hata hilo jema langu moja, ni yeye aliyeliona.