Siku ya Posa Nilipokuwa Juu ya Mparachichi

Nikianza tu kusimulia haya uso unaniwaka moto, lakini bora mnisikie mimi kuliko shemeji zangu, maana wao huongeza chumvi. Ni siku niliyokwenda kuposa kwa akina Aneth, Usa River, kule juu kwenye migomba na kahawa za mlima Meru.

Mimi naishi Olasiti, napiga picha za harusi kwa droni, na kwa muda mrefu nilikuwa na uchu wa picha moja tu: radi ikipiga juu ya Meru. Basi siku ile nikabeba droni (ya nini kwenye posa? hata mimi sijui). Tukaketi sebuleni, mshenga wetu akaanza kuongea, na mnajua kwenye posa mwenye kuposa hana kazi, anakaa kama gunia huku wazee wakimpangia maisha. Mara nikaona dirishani wingu jeusi limeukalia mlima, radi zinamulika ndani yake. Nikamnong'oneza mshenga kwamba tumbo linaniuma, nikachepuka na begi langu.

Droni ikapaa vizuri, radi ya kwanza ikanipita, nikasubiri ya pili, upepo ukaja ukaibeba kama mfuko wa plastiki na kuipachika kwenye mparachichi wa baba mkwe, juu kabisa. Mwenye akili angeiacha. Mimi nikavua viatu nikapanda na suti (ya kaka yangu), mvua ikashuka, tawi nililokanyaga likakatika, nikabaki nimekumbatia shina, kupanda siwezi, kushuka siwezi.

Nilichosahau ni kwamba binti huletwa mbele ya wageni na kuambiwa amwonyeshe mwanamume aliyewaleta watu wote hao. Aneth akatoka chumbani na glasi ya soda ya kunipa, akazunguka sebule nzima hakuniona, akarudia tena. Shangazi yake akaanza kulia kwamba mtoto ametiwa aibu. Mshenga, katika kuniokoa, akasema niko chooni, wakatuma mtu chooni.

Ndipo radi ikapiga, kukawa kweupe kote, na Aneth akaniona kupitia dirisha. Alinyoosha kidole tu.

"Ni yule pale, juu ya mparachichi."

Ukoo mzima ukatoka barazani. Baba yake akanitazama (nikamwamkia shikamoo kutoka huko juu, hakuitikia), kisha akamgeukia binti yake.

"Huyo ndiye unayemtaka?"

Aneth akaitazama glasi ya soda mkononi, kisha akanitazama mimi. Nilimpenda, jamani, na nilijua angekataa asingelaumiwa na yeyote, hata na mimi. Akanitazama mpaka nikaanza kuomba radi inipige.

"Ndiyo, baba. Lakini ashuke kwanza."

Wakaleta ngazi. Droni iko kule mpaka leo, na wingu likitanda Meru siku hizi naingia sebuleni, nakaa karibu na mke wangu, asije akalazimika kunitafuta tena mbele za watu.